Daktari wa Panya

Walikutana kwenye dirisha la dawa la hospitali kubwa, siku ambayo foleni ilifika mlangoni. Mwanamke, mshonaji wa magauni, alivaa gauni la buluu alilolikata mwenyewe, na sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye ukosi. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake, shati jeupe limekunjamana, alimwambia, "Dada, utajichoma."

"Nikijichoma si utanitibu? Naona beji ya udaktari hiyo."

"Mimi ni wa maabara. Wagonjwa wangu ni panya."

Mshonaji alicheka mpaka watu wakageuka. Tangu hapo akambandika jina: Daktari wa Panya. Simu zikawa haziishi.

"Panya wangu hajambo?"

"Hajambo, ila ana njaa ya kukuona."

Lakini nyumbani mama yake mshonaji alikuwa na saratani ya mifupa. Mofini ilimtuliza maumivu, ikamfunga choo na kumpumbaza. Alilala kutwa, na akiamka alimwita bintiye kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Daktari wa Panya, kwa miaka sita, alikuwa akitafuta na wenzake dawa ya kutuliza maumivu bila kumlewesha mtu wala kumfanya mtumwa wake. Panya waliokuwa wakichechemea sasa walikimbia, macho yao maangavu.

"Niletee vidonge vichache tu, mpenzi," mshonaji alimwomba kwenye simu. "Nataka Mama anijue kabla hajaenda."

"Bado tunaipima. Watu wa kujitolea ndiyo kwanza wameanza kuimeza."

"Mama ana wiki, hana miaka!"

"Siwezi, laazizi. Nikimdhuru je?"

"Basi baki na panya wako!"

Akakata, na hakupokea tena. Mama alifariki alasiri moja, usingizini, bila kumtambua. Mazishini mwanamume alisimama nyuma kabisa. Mshonaji alimwona, akageuza uso.

Miezi minne baadaye, muuguzi mmoja aliyekuja kupimwa gauni alisema, "Umesikia? Ile dawa ya maabara imesimamishwa. Watu watatu wameharibika ini."

Mshonaji aliweka mkasi mezani, akafunga duka, akaenda maabara.

Alimkuta akiosha vizimba vitupu, amekonda, ndevu hazijanyolewa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesema nini? Ungeona najitetea." Hakuinua macho. "Bora hofu yangu ingekuwa bure, nikakupa vidonge. Mama angekujua."

Mshonaji alilia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Nilikuombea mabaya," alisema.

"Najua."

Maji yaliendelea kumwagika bombani. Mwanamume alipoyafunga, mshonaji akamuuliza, "Utaanza tena?"

"Jumatatu. Kutoka sifuri. Huenda nikazeeka bila kuipata."

"Basi tutazeeka wawili," alisema mshonaji, akakunja mikono ya gauni lake jeusi, akavuta kizimba kilichofuata.