Filimbi ya Kujilaza

Haya yalimpata rafiki yangu Verlin, mfugaji wa kondoo kule Wyoming, mtu asiyependa porojo.

Dada yake Darla alikuwa na mbwa jike, Tansy, aliyefunzwa kuwachokoza koyote, mbweha wa kule wanaomaliza wanakondoo. Tansy aliwachokoza mpaka wamkimbize, akawaleta kwa mwenye bunduki. Akisikia filimbi alijilaza kifudifudi papo hapo, risasi ipite juu yake. Verlin alizoea kumwazima, na siku moja alifyatua kabla ya kupiga filimbi, risasi ikampata Tansy. Akamfukia kule kule bondeni walikowinda, akamwambia dada yake koyote wamemrarua.

"Sasa unangoja nini?" Darla akawa anamuuliza kila asubuhi. "Wamemuua mbwa wangu, na wewe umekaa tu na kahawa yako. Au unawaogopa, kaka?"

Verlin alikuwa hawezi hata kumtazama usoni. Jioni moja akachukua bunduki, akaenda.

Giza lilikuwa linaingia bondeni. Akasikia miguu ikija mbio kwenye nyasi kavu, kisha akamwona koyote mmoja, anamjia moja kwa moja. Kwa mazoea tu, mkono ukapeleka mdomoni filimbi ya Tansy, iliyokuwa bado shingoni mwake. Akapiga.

Koyote akajilaza kifudifudi, kidevu chini, masikio yamelala, macho kwa Verlin, kama anayempisha afyatue.

Na nyuma yake, pale ambapo hapakuonekana kitu, miguu ya kile kilichokuwa kikimkimbiza ilikuwa bado inakuja.