Koti Lisiloguswa na Maji

Kola ya koti ilikuwa mbichi. Kwa mtu mwingine lisingekuwa jambo: kola mbichi ni jasho, na jasho hukauka. Lakini mwenye koti alikuwa na miezi saba kaburini, na marehemu hatoki jasho.

Bi Sindano aliibonyeza kwa vidole viwili, akavinusa. Alikuwa ameshona nguo za watu miaka thelathini, ndiko lilikotoka jina lake la utani, na alijua kutofautisha nguo iliyotundikwa na nguo iliyovaliwa. Koti hili lilikuwa limevaliwa.

Lilikuwa koti la sufu, la kijivu, la mumewe aliyekuwa karani wa posta. Lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa mbele, palepale alipolitundika mwenyewe siku ya mwisho, likinukia gundi ya stempu na pipi za mnanaa. Bi Sindano hakulifua. Lebo ya ndani ilikataza maji, na yeye ndiye aliyekuwa akiwagombeza wateja wanaotumbukiza sufu kwenye beseni. Drai klina nako hakulipeleka, kwa sababu angerudishiwa koti linalonukia dawa, na mumewe angekuwa amekufa mara ya pili.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Yeye na mumewe walikuwa na mzaha wao. Mke akirudi kutoka sokoni alipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, na mume akajibu kutoka ndani, "Karibu, mgeni! Umeleta zawadi gani?" Mzaha uleule kila siku, na kila siku walicheka, maana watu waliozoeana hawahitaji vichekesho vipya. Mume alipokufa, hodi haikufa naye. Mazoea yana taabu. Kila aliporudi, mjane alisimama mlangoni, akapiga hodi tatu kwa nyumba tupu, akasubiri kidogo, kisha akaingia. Na kila mwenye adabu anajua kwamba hodi ya tatu isipojibiwa, mtu hurudi alikotoka.

"Mama, lipeleke drai klina," binti yake alimwambia kwa simu kutoka huko mbali alikoolewa. "Sipati usingizi nikifikiri unakaa na koti la baba."

"Kwani linanidai chakula?"

"Mama!"

"Haya, nimesikia." Akakata simu, na nyumba ikawa kimya tena.

Siku mbili baadaye, saa nane mchana, jua likiwaka na majirani wote wakiwa makazini, alirudi na vifungo alivyokwenda kununua. Akapiga hodi ya kwanza. Akapiga ya pili. Alipopiga ya tatu alisikia kitambaa kikisuguana na mbao za mlango kwa ndani, taratibu, kama mtu anayejinyoosha baada ya kukaa sana, kisha harufu ya mnanaa ikapenya chini ya mlango, nzito kuliko ilivyowahi kuwa mumewe akiwa hai, na sauti aliyoilalia na kuiamkia maisha yake yote ikasema kwa upole, "Karibu, mgeni. Umeleta zawadi gani?"

Vifungo vilimponyoka. Na niseme ukweli hata kama unamwaibisha: kabla hajaogopa, alifurahi.

Hofu ilikuja alipofungua mlango. Ndani hapakuwa na mtu. Koti lilikuwa msumarini, lakini mabega yake yalikuwa yamejaa.

Asubuhi yake alilipeleka kwa dobi wa drai klina, mzee mpole mwenye viganja vilivyokakamaa kwa pasi. Dobi akalibandika koti namba kwa pini, kama afanyavyo kwa kila nguo. Kesho yake Bi Sindano alimkuta amelitundika peke yake, mbali na nguo nyingine.

"Nimelipitisha kwenye dawa mara mbili," alisema, akishusha sauti. "Kola inatoka kavu, nikigeuka ni mbichi. Namba ninaikuta sakafuni na pini imefungwa. Nguo za watu nilizozitundika jirani nalo nimezikuta zimesogea zenyewe. Mama, ulikuwa unaliita?"

Bi Sindano akaangalia chini. "Nilikuwa napiga hodi tu."

"Basi kuna kilichoitikia. Si mumeo, mama. Mumeo amepumzika. Hiki ni kitu kilichokuwa kinapita bila nyumba, kikasikia hodi, kikakuta nguo tupu yenye harufu ya mtu anayependwa. Leo kimejaza mabega. Kikijaza mikono kitataka mwili. Nyumbani unaishi na nani?"

"Peke yangu."

Dobi akalishusha koti, akamkabidhi. "Dawa yangu hutoa mafuta na vumbi. Hiki hutolewa kwa maji, na kwa mkono wa aliyekiita. Kalifue nyumbani."

"Litaharibika! Na harufu yake..."

"Itakwisha. Ndiyo maana sikufanyii mimi. Na ukishalifua, usipige hodi tena kwenye nyumba isiyo na mtu."

Alilifua mchana huohuo uani, kwa beseni na sabuni ya mche, huku akilia kwa sauti. Mikono ya koti ilimkaza viganja ndani ya maji, ikamvuta mpaka povu likamfika kidevuni, na sauti ya mumewe ikamwomba chini ya maji, kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua, amwache abaki walau siku moja zaidi. Akaendelea kusugua. Maji yakawa ya kijivu, mikono ikalegea. Alipolianika lilikuwa limesinyaa, halimtoshi hata mtoto, na lilinukia sabuni tu.

Amani ikarudi. Lo, amani gani! Kijiko kikigonga kikombe alishtuka. Binti alipiga simu Jumapili mbili, kisha akawa na shughuli. Bi Sindano alikuwa akiingia kwake bila neno, na hakuna aliyemuuliza alikotoka. Kuna siku alikaa kimya hadi jioni, akagundua kuwa hajatumia sauti yake tangu asubuhi.

Siku ya arobaini tangu kulifua koti, alichukua gauni lake la bluu, lile alilochaguliwa na mumewe, lililojaa harufu yake mwenyewe. Akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Akatoka, akafunga, akasimama kizingitini. Alijua alichokuwa anafanya. Maneno ya dobi aliyakumbuka moja baada ya jingine.

"Hodi," alisema.

"Hodi."

Akasubiri.

"Hodi."

Ndani, kitambaa kikasuguana na mlango.

"Karibu, mgeni," ilijibu sauti, na haikuwa ya mumewe. Ilikuwa ya kwake mwenyewe. "Umeleta zawadi gani?"

Bi Sindano aligeuka akatazama barabara. Hapakuwa na mtu.

"Nimejileta mwenyewe," akasema, akaingia, akafunga mlango.