Herufi Moja ya Nikea

Faridah Mbarak alimnasa mtu wake kwenye ngazi za stesheni ya Barking.

Alimshika kiwiko, akamgusisha mbavuni kalamu yake ya kupiga shoti ya umeme, akamwambia kwa upole aketi.

Mtu yule akaketi. Sanduku lake la safari la Rimowa likabaki mikononi mwa Faridah.

Alikuwa amelifuata tangu Southall, treni mbili, amesimama njia nzima. Ndani yake, aliamini, mlikuwa na kikombe cha fedha kutoka magofu ya kanisa la kale nchini Sudan. Wanamgambo walikiiba vitani, wakakipitisha bandari ya Mombasa. Ian, jasusi mwenzake Faridah, alipigwa risasi pale bandarini akijaribu kukizuia.

Leo dalali wao wa London, Lawrence, angemkabidhi kikombe hicho, kama malipo, Kanali Stavrou, muuza silaha mwenye uchu wa vitu vya kanisa la kale. Stavrou angepiga simu moja, na meli yenye bunduki ingeng'oa nanga kuwaendea wanamgambo.

Masanduku mawili yalitoka dukani kwa Lawrence. Moja lilipanda gari, jingine treni. Faridah aliomba mtu wa pili. Mkuu wake, Fanuel, akajibu kwamba bajeti hairuhusu.

Pale kwenye ngazi Faridah alilifungua sanduku, akapiga picha maandishi ya Kigiriki ukingoni mwa kikombe, akamtumia Sista Anne-Marie, mtawa wa Bukavu anayefundisha historia ya kanisa chuoni. Kisha akampigia.

Sista akaanzia mbali. Akaeleza kuhusu Ario, padri wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Akaeleza jinsi maaskofu walivyokutana Nikea kumpinga, wakaandika kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Ugomvi haukuisha. Wengine wakatafuta njia ya kati, wakachomeka iota, herufi ndogo kuliko zote, na "asili moja" ikawa "asili inayofanana". Kwa herufi hiyo maaskofu walifukuzwa majimboni mwao.

Faridah alikulia madrasa ya Lamu. Treni zilikuwa zinapita.

"Sista, nakuomba jibu tu."

"Kikombe cha Sudan kilitengenezwa na hao wa njia ya kati. Kina iota. Chako hakina, mwanangu. Aliyekighushi amekisahihisha."

Faridah aliketi kwenye ngazi, kando ya mateka wake. Alikuwa amevuka London nzima akifukuza kikombe bandia.

Kalamu ilipomgusa tena, mateka akataja nyumba moja Queensbury, lilikopelekwa sanduku la pili. Faridah akamfunga pingu kwenye reli ya ngazi, akampigia Fanuel.

"Polisi wako njiani," Fanuel alisema.

"Ulisema hivyo nikiwa Southall, Afande."

"Usiingie kabla yao. Hiyo ni amri."

Faridah akakata simu.

Treni ya njia ya Jubilee ilisimama ndani ya handaki bila maelezo. Abiria waliendelea kutazama simu zao.

Queensbury hapakuwa na polisi hata mmoja.

Akabonyeza kengele. Lawrence alifungua, akaliona sanduku lake mikononi mwa mwanamke asiyemjua, na kabla hajasema neno Faridah alikuwa amempita hadi sebuleni. Kanali Stavrou, mzee aliyevaa suti ya kijivu, alikuwa ameshika kikombe cha kweli na kioo cha kukuzia. Simu ilikuwa pajani.

Kilichohitajika ni kumchelewesha. Faridah akaweka kikombe cha pili mezani.

"Kanali, kabla hujapiga simu, soma vyote viwili."

Stavrou alisoma polepole. Kigiriki kilikuwa lugha ya mama yake, na Kanuni ya Imani ya Nikea aliijua tangu utoto.

"Hiki cha kwanza kina herufi ya ziada," alisema.

Lawrence akaeleza haraka kwamba herufi hiyo ndiyo ushahidi kwamba kikombe ni cha kweli. Huenda lilikuwa jambo la kweli la kwanza alilolisema mwaka ule. Stavrou alimtazama kwa chuki. Kama ni hivyo, aliuliza, kwa nini kile kisicho na kosa kilikuwa kimefichwa?

Lawrence akatia mkono ndani ya koti.

Stavrou akapiga simu. "Meli isiondoke," alisema. "Zuieni kila kitu."

Lawrence alichomoa bastola ya Beretta. Kalamu ikamwahi shingoni, akaanguka juu ya zulia.

Ndipo polisi walipofika.

Kuhusu Ian, Lawrence alipozinduka alisema hamjui. Alirudia hivyo hivyo mpaka walipomtoa. Stavrou alitolewa akiwa bado anang'ang'ania kikombe bandia kifuani, ikabidi wamnyang'anye.

Sajini aliyekuwa akifunga vidhibiti vya ushahidi aliandika lebo mbili. Kwa kuwa Kanali alikuwa ameapa kwamba chenye iota ndicho cha uongo, kikombe cha Sudan kikapewa lebo ya bandia. Faridah akamwambia ni kinyume. Sajini akamjibu kwa adabu kwamba maoni yake yatazingatiwa, mtaalamu atakuja Jumatatu.

Fanuel alikuwa anapiga. Faridah akaiacha simu iite.

Alingoja mpaka sajini alipogeuka, akabadilisha lebo, akafunga vifungo vya koti na kwenda kutafuta basi.