Tutabanana

Vyuo vikubwa vyote vilimkataa binti. Hiki kidogo, kilichofundisha makarani, kilimkubali kabla hajamaliza kuomba. Mama yake akasema mchagua jembe si mkulima, akamfungia begi.

Siku ya kuripoti alizungushwa ofisi hadi ofisi. Wa funguo alitaka kwanza kuona muhuri. Wa muhuri alitaka kwanza kuona ufunguo. Jua lilikuwa linazama alipopewa chumba, na ndoo ya kuchotea maji. Matroni wa bweni alimsomea sheria moja tu: kitanda kimoja, mtu mmoja. Binti akadhani wanayahurumia magodoro.

Aliporudi na maji alimkuta msichana mlangoni. Sare yake imelowa chapachapa, na mvua haikunyesha. Alinuka udongo mbichi. Akanong'ona kwamba hajapangiwa kitanda, ofisi zimefungwa, hajui atalala wapi.

Binti alikuwa amelelewa vizuri. Hilo ndilo lililomponza.

"Ingia tu, dada. Tutabanana."

Msichana akatabasamu. Meno yake yalikuwa madogo mno... na mengi.

Walipojilaza, binti akaombwa asogee kidogo. Akasogea. Akaombwa tena. Mgongo wake ukagusa ukuta, na ile sauti sasa haikutoka ubavuni.

Ilitoka kooni mwake.

"Sogea..."

Kitu cha baridi kikampenya chini ya mbavu, kama mguu unavyoingia kwenye soksi. Akafungua kinywa apige kelele.

Kikafungwa kutoka ndani.

Asubuhi mwili uliamka, ukatandika kitanda, ukapiga mswaki. Mwenyewe alikuwa amekunjwa huko nyuma, akichungulia dunia kama kwa tundu la ufunguo. Matroni alimmulika machoni kwa tochi, akauliza mko wangapi humo. Mdomo ukajibu: mmoja. Matroni akashusha pumzi, maana idadi ya bweni haikuharibika. Akaondoka akinung'unika kwamba kila mwaka anawaambia, na kila mwaka wanamletea adabu za kwao.

Muhula ukasonga. Yule mgeni alisoma kama aliyenyimwa shule miaka mingi, akashika namba moja darasani. Binti alibakiwa na tumaini moja tu: mama. Mama angemjua mwanawe, na akishamjua angemtoa humo, iwe kwa mganga, kwa maombi au kwa viboko.

Siku ya wazazi mama akaja hadi chumbani. Akapokewa kwa shikamoo tamu, akapokewa mkoba pia. Shikamoo ya mwanawe siku zote ilikuwa ya kukokotwa. Akamshika kidevu, akayainamia yale macho.

Binti akajisukuma mbele kwa nguvu zote alizokuwa nazo, hadi chozi moja likadondoka.

Mama akaliona. Akageuka, akafunga mlango.

"Mwanangu yumo humo?" akanong'ona.

"Yumo."

"Anaumia?"

"Sana."

Mama akalifuta lile chozi kwa ncha ya kanga, taratibu, kama anayepangusa vumbi kwenye kiti cha wageni. Binti akangoja...

"Na mitihani," mama akauliza, "anayeifanya ni nani?"

"Mimi."

Mama akamweka sawa kola ya sare.

"Haya, mwanangu," akasema. "Twende ukanionyeshe walimu wako."