Chupa Aliyoijaza Joyeuse

Kila asubuhi, nyumbani kwa Mechack mjini Kolwezi, mambo yalikwenda kwa desturi ileile. Mkewe Honorine aliwasha makaa na kubandika uji. Binti yao Joyeuse alichota maji kwenye bomba la jirani, akayaleta kichwani katika bidoni la manjano. Mechack naye alikaa mlangoni, akikung'uta vumbi jekundu kwenye buti zake za mpira, ingawa siku hizo buti hizo hazikuwa na pa kwenda.

Asubuhi hiyo Joyeuse alitua bidoni, akachota maji kwa kikombe, akanywa. Akachota tena, akanywa. Hata pumzi hakuvuta vizuri, akachota tena.

"Utamaliza muto Lualaba yote, weye," Honorine alimtania. "Njo maana unalowanisha kitanda kama mutoto wa kunyonya."

Joyeuse aliinamisha kichwa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na aibu ya kitanda ilimchoma. Sketi yake ya shule ilikazwa kiunoni kwa pini. Mama yake alidhani anakonda kwa sababu anarefuka. Ili kumtia nguvu, kila jioni alimpa soda tamu, kwa kuwa watu wengi hudhani kitu kitamu humrudishia mtoto mwili wake.

Mechack alimtazama binti yake, akataka kusema neno. Kabla hajafungua kinywa, simu ililia.

Ilikuwa ofisi ya kampuni moja ya shaba. Jina la Mechack, aliyekuwa ameomba kazi huko, limepita. Aende asubuhi hiyohiyo kwenye zahanati ya mjini, apimwe afya. Akionekana mzima, kazi ni yake.

Honorine alimshukuru Mungu palepale, mwiko mkononi. Mechack alitabasamu, lakini ndani aliogopa. Miaka mingi alikuwa mchimbaji wa mikono. Alikuwa akipenya uzio wa kampuni na wenzake, wakishuka mashimoni kutafuta kobalti. Na wachimbaji wana imani yao moja: ati vumbi la kobalti halitoki mwilini. Linajificha ndani ya mtu, halafu linajitokeza kwenye mkojo. Kampuni ikiuona mkojo huo, inajua huyu ni mwizi wa mawe yetu, inamfukuza. Rafiki yake Papy, waliyeshirikiana naye shimo moja, alimwambia zamani asithubutu kutoa mkojo wake. Achukue wa mtoto. Mtoto hajashuka shimoni, mkojo wake ni safi.

Basi Mechack alisuuza chupa ndogo ya maji, akamwita Joyeuse nyuma ya nyumba. Alimwambia kwa aibu kwamba anahitaji mkojo wake kidogo, ni kwa ajili ya kazi, na mama asijue.

Joyeuse hakuuliza kitu. Alifurahi kupata la kumsaidia baba yake.

"Nijaze yote, papa?" alisema. "Mi naweza kujaza yote."

Kweli aliijaza hadi shingoni.

Kwenye zahanati wanaume walikaa kwenye mabenchi, kila mmoja akingoja zamu yake. Mechack alipewa kikopo, akaingia chooni, akamimina kilichokuwa mfukoni mwake. Kikopo kilipokelewa na Mignonne, mpimaji wa maabara, mwanamke mpole mwenye koti jeupe. Alichovya kijiti chembamba chenye vimraba vya rangi. Akangoja. Akakitazama. Kisha akachukua kijiti kingine, akachovya tena.

Mechack aliona hayo kupitia mlango ulioachwa wazi. Akasema moyoni: nimekwisha, ameiona kobalti.

Mignonne alimwita ndani, akafunga mlango. Alimuuliza kama ana kizunguzungu, kama ametapika, na amefikaje pale. Mechack alijibu kwamba amekuja kwa miguu na hana shida yoyote. Mignonne alimtazama kifua kipana na mikono ya kazi, akashangaa. Akamwomba kidole, akakichoma kidogo, akaweka tone la damu kwenye kimashine. Alisoma namba, akaisoma tena.

"Tata," alisema, "damu yako iko muzuri. Lakini hii mukojo imejaa sukari. Tena iko na ketoni. Ni taka inabaki wakati mwili hauwezi kutumia sukari, unachoma mafuta yake yenyewe. Mutu wa hii mukojo haweze kuwa anatembea vizuri kama weye."

Mechack alijifuta jasho. Hatimaye akauliza kwa sauti ndogo kama kobalti imeonekana.

Mignonne alikaribia kucheka, lakini alipoona uso wa yule baba, kicheko kilikufa. Akamweleza kwamba kijiti kile hakijui mawe. Kinaonyesha sukari, damu, protini na vitu vingine vichache vinavyosema habari za ugonjwa. Vumbi la madini hutafutwa kwa mashine za namna nyingine, katika maabara kubwa. Hapa hakuna mtu aliyemtafutia kobalti.

"Juu ya kazi sikuulize," alisema. "Ninauliza kitu kimoja tu. Hii mukojo ni ya nani?"

Mechack alitazama sakafu. Kazi ilikuwa pale, karibu kama sahani mezani. Akisema, imekwenda. Badala ya kujibu aliuliza mtu mwenye mkojo wa namna hiyo anaonekanaje.

Mignonne alimjibu polepole. Anakunywa maji sana, na kiu haiishi. Anakojoa mara nyingi, na akiwa mtoto anaweza kulowanisha kitanda ambacho alikwisha kuacha kukilowanisha. Anakula, lakini anakonda. Anachoka. Ikizidi, anatapika, anahema kwa nguvu, na pumzi yake inanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Akifika hapo, anaweza kufa upesi, siku hiyohiyo.

Kila neno lilimpiga Mechack kama jiwe linalodondoka ndani ya shimo. Kiu. Kitanda. Pini kiunoni. Bidoni la manjano. *Mi naweza kujaza yote.*

Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ni ya mutoto wangu," alisema.

Mignonne hakumgombeza. Alimwandikia barua ya hospitali, akamwambia asipitie popote.

Mechack alikodi pikipiki. Alipofika nyumbani, Joyeuse hakuwa ameenda shule. Alilala kwenye mkeka, midomo imekauka, kifua kikipanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbia. Alikuwa ametapika mara kadhaa. Honorine alikuwa amempakata, na chupa ya soda ilikuwa kwenye midomo ya mtoto.

"Ni malaria imemupanda," Honorine alisema. "Ninamupa kitu kitamu apate nguvu."

Mechack alimnyang'anya ile chupa. Honorine alibaki mkono wazi, akimtazama mumewe kama anamtazama mgeni. Mechack aliinama, akanusa pumzi ya binti yake. Ilinukia nanasi bovu.

Hospitalini muuguzi alichoma kidole cha Joyeuse. Kimashine hakikutoa namba. Kiliandika herufi tu, kwa sababu sukari ilikuwa imepita kipimo chake. Honorine aliuliza kama kimeharibika. Muuguzi alitikisa kichwa, tayari anatafuta mshipa.

Madaktari walimpima pia malaria. Haikuwepo. Walimpa maji kwa mshipa na dawa iitwayo insulini. Damu ilipimwa tena na tena, na kila kipimo kiliwaambia waongeze au wapunguze nini. Siku iliyofuata Joyeuse alifungua macho, akauliza kama baba amepata kazi.

Mechack alitoka nje ya wodi, akageukia ukuta.

Jioni, baada ya kazi yake, Mignonne alikuja kuwatembelea. Honorine alimuuliza jambo lililomtesa: je, ni yeye aliyemletea mtoto ugonjwa kwa soda? Au kuna mtu amemroga? Mignonne aliketi karibu naye. Alimwambia kwamba si uchawi, wala si soda iliyoleta ugonjwa huu. Mwili wa Joyeuse umeacha kutengeneza insulini, ambayo ni kama ufunguo unaoingiza sukari ndani ya mwili ifanye kazi. Bila ufunguo, sukari inabaki kwenye damu na kumwagika kwenye mkojo, na mtoto anakufa njaa huku anakula. Soda iliongeza sukari juu ya sukari, lakini mama hakujua.

"Sasa umejua," alisema. "Insulini ni ya kila siku, mama. Hata akiwa muzima, hata wakimuombea, musiache."

Akawaonyesha namna ya kuchoma kidole kabla ya chakula, na namna ya kuhifadhi dawa ndani ya chungu chenye mchanga mbichi, mahali pa kivuli, kwa kuwa hawakuwa na friji. Ugali wa bukari atakula, sombe ya majani ya muhogo atakula, kwa kipimo na kwa saa zake. Kisha akawaambia habari ya kipimo kingine, cha baada ya miezi mitatu.

Honorine aliuliza cha nini, maadamu wana kimashine cha kidole.

"Umeona miti pembeni ya barabara ya malori?" Mignonne alisema. "Kila siku vumbi inashika mu majani. Sukari nayo inashika vilevile mu damu, kwenye chembe nyekundu, na inabaki mule miezi. Kidole inakuambia habari ya leo. Hii ingine inakuambia habari ya miezi mitatu. Mutu anaweza kujinyima siku moja, akapata namba nzuri ya kidole. Hii, hapana. Damu imekwisha kuhesabu."

Mechack alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Honorine akamgeukia, akamuuliza alijuaje. Alitoka nyumbani kwenda kupimwa, akarudi mbio kama mtu aliyeitwa. Nani alimwambia?

Mignonne aliinama, akaanza kukusanya vifaa vyake. Majibu ya mgonjwa ni siri, na siri hii haikuwa yake kuitoa.

"Nilisikia tu mu roho," Mechack alisema.

Neno hilo likaota miguu. Honorine alilisema kanisani. Majirani walilipeleka sokoni. Wakati wa maombi, mchungaji alimsimamisha Mechack mbele ya watu kama baba ambaye Mungu alimfunulia. Watu wakapiga makofi. Mechack alitamani sakafu ifunguke. Usiku aliisikia ile sauti ndogo ya Joyeuse ikiuliza kama ijaze yote.

Kazi ya kampuni ilikuwa imechukuliwa na mtu mwingine. Lakini nyumbani mambo yalibadilika. Asubuhi sasa ilianza kwa kidole cha Joyeuse. Honorine alijifunza kusoma namba, na Mechack alijifunza kuchoma sindano. Kitanda kilikauka. Pini ilitolewa kwenye sketi, halafu sketi yenyewe ikaanza kubana.

Miezi mitatu ilipokwisha, walikwenda wote kwenye zahanati ya Mignonne kwa kile kipimo. Siku hiyohiyo kampuni ilikuwa inaita watu tena, na Mechack aliitwa. Mabenchi ya uani yalijaa wanaume. Papy alikuwa miongoni mwao, koti limefungwa hadi shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Alimkonyeza Mechack na kujipapasa mfuko. Mechack alielewa kwamba ndani mna chupa.

Mignonne alitoka na majibu, akamwita Honorine pembeni. Namba ilikuwa imeshuka sana kuliko ile ambayo kipimo hichohicho kilitoa hospitalini. Bado haijafika pale wanapotaka, lakini njia ni hiyo, waendelee. Honorine alisahau pembeni ni nini. Alimkumbatia Joyeuse mbele ya watu wote, akaanza kuwasimulia waliokaa pale habari za mumewe.

"Huyu njo baba," alisema. "Ningeacha mutoto afe na soda mu kinywa. Yeye aliona. Mungu alimufunulia."

Wanaume walimtazama Mechack kwa heshima. Mmoja alimpa mkono. Kijana wa kampuni, aliyekuwa anaita majina, naye aliinua macho.

Mechack hakuupokea ule mkono. Alisimama.

"Mungu hakunifunulia kitu," alisema.

Honorine alimshika mkono, akidhani ni unyenyekevu. Mechack aliutoa mkono wake taratibu.

"Nilikuja hapa na mukojo ya mutoto mu mufuko. Niliogopa kampuni itaona kobalti mu yangu. Hapa hawatafute kobalti. Wanatafuta ugonjwa, na ugonjwa iko ya mwenye mukojo. Kama mimi njo ningekuwa mugonjwa, ningekufa na kazi mukononi, na kila mutu angesema nilikuwa muzima. Papy, ndugu yangu, toa hiyo chupa. Hujui ni ugonjwa ya mutu gani unaficha mule."

Papy aliweka mkono kwenye koti, akauacha palepale. Kijana wa kampuni alishusha kalamu. Honorine alimtazama mumewe, mkono wazi, kama siku ile aliponyang'anywa soda.

Mechack hakuwaangalia. Alipiga magoti mbele ya binti yake, pale kwenye vumbi, macho yao yakawa sawa.

"Joyeuse," alisema, "nilikuomba mukojo. Sikukuuliza hata kama unaumwa."