Mbwa wa Kiti Namba Kumi na Nne

Ieleweke kwa wote wasomao, na kwa vizazi vitakavyofuata, kwamba asubuhi ya Alhamisi moja ya Novemba, katika mwaka ule wa korona, Chuo Kikuu cha Brandt Falls, jimbo la Iowa, kilipatwa na uhalifu mzito kuliko wowote katika miaka mia moja na kumi na tatu ya historia yake. Shabiki wa Korongo, timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, alitekwa nyara kutoka katikati ya jukwaa kuu.

Shabiki huyo alikuwa mbwa.

Na mbwa mwenyewe alikuwa wa kadibodi.

Inspekta Lorna Vanek wa polisi ya chuo alisimama katika eneo la tukio, barakoa hadi machoni, akatazama huku na huku. Mashabiki elfu nne walimtazama nao. Wote walikuwa wanatabasamu, wote walikuwa wa kadibodi, na kila mmoja alikuwa amelipiwa dola sabini na tano ili sura yake ionekane kwenye televisheni, kwa kuwa watu wa nyama na damu walikuwa wamekatazwa kuingia.

"Jukwaa C, safu ya tisa, kiti namba kumi na nne," alisoma Sajini Orrin Beckwith kutoka kwenye daftari lake. "Mhanga anaitwa Clementine. Manyoya ya dhahabu. Ulimi nje. Afande, hii ni kazi ya wanafunzi wa chuo cha Carrow, mahasimu wetu. Jumamosi tunacheza nao. Mwaka juzi walituibia mbuzi."

"Mbuzi walimrudisha amepakwa rangi yao ya zambarau," alisema Vanek. "Hapa rangi iko wapi?"

Beckwith alitazama chini ya kiti. Hapakuwa na rangi.

Vanek aliinama. Sanamu zote zilikuwa zimefungwa kwa vibanio vya plastiki, aina ile ambayo ukishaikaza haifunguki mpaka uikate. Vibanio vinne vya Clementine vilikuwa vimepangwa kwenye sakafu, kimoja kando ya kingine. Havikukatwa. Mtu alikuwa ameingiza sindano kwenye kila kimoja, akakilegeza polepole.

"Mwanafunzi gani ana subira hiyo?" aliuliza Vanek.

"Hayupo," alikiri Beckwith, ambaye alikuwa na watoto wawili wa chuo.

Kisha Vanek aliona jambo la pili. Viti vyote vya jukwaa C vilikuwa na vumbi la miezi minane na kumbukumbu za njiwa. Wasafishaji walikuwa wamesimamishwa kazi tangu Machi. Kiti namba kumi na nne kiling'aa. Kilikuwa kimefutwa mgongo, makalio, na ule ukingo wa mbele.

Alikipiga picha mara tatu.

Mkurugenzi wa Michezo, Bwana Prentiss Gault, aliwapokea ofisini kwake akiwa nyuma ya kioo kikubwa kuliko cha benki.

"Kamera za ulinzi?" aliuliza Vanek.

"Tumezizima. Kubana matumizi."

"Walinzi?"

"Tumewapunguza. Kubana matumizi."

"Mbwa wa kadibodi, sasa. Kwa nini umeniita mimi na siyo mtu wa gundi?"

Gault alivua miwani. "Inspekta, unajua programu yetu ya futiboli ina thamani gani? Kama ingekuwa kampuni ya kuuzwa, ni dola milioni mia mbili na kumi. Ndivyo ilivyokadiriwa. Mwaka huu viti viko vitupu na tumekosa milioni thelathini na mbili za tiketi. Futiboli ndiyo inayolisha michezo mingine yote hapa. Tenisi nimeshaifuta. Mieleka nimeifuta. Inayofuata ni timu ya kuogelea ya wanawake, isipokuwa Bwana Royce Dunleavy atoe milioni nane alizoahidi."

"Na Bwana Dunleavy..."

"Ndiye mwenye mbwa."

Binti wa Vanek, Petra, alikuwa mwaka wa pili kwenye timu ya kuogelea. Kila siku saa kumi na moja alfajiri alitoka nyumbani nywele kavu na kurudi nywele barafu.

Dunleavy, tajiri wa chakula cha nguruwe, alipokea simu kwenye mlio wa kwanza.

"Umempata?"

"Bado, Bwana Dunleavy. Una adui?"

"Nina miaka themanini na moja na nina pesa. Unadhani?" Alikohoa. "Nisikilize, mama. Nimelipia viti sita. Mimi, marehemu mke wangu, wanangu watatu ambao hawanipigii simu, na Clementine. Jumamosi saa sita mchana mpira unaanza. Nikiwasha televisheni nikakuta kile kiti kitupu, au kina kitu kingine, milioni nane zinabaki benki. Nimeshamwambia Gault."

"Kwa sababu ya kadibodi?"

"Kwa sababu ya neno. Waliahidi viti sita." Akakata.

Sajini Beckwith alitaka kwenda Carrow na pingu. Vanek alikwenda ofisi ya tiketi na kahawa.

"Beckwith, ulikuja mpirani ukiwa mdogo?"

"Kila Jumamosi, Afande."

"Ulipofika safu yako, nani alikupokea?"

"Mhudumu wa jukwaa. Mzee mwenye koti jekundu. Anakuonyesha kiti, anavaa lile soksi la mkononi, anakifuta..." Beckwith akaanza upya kwa sauti ndogo. "Anafuta mgongo, makalio, halafu ukingo wa mbele."

"Wahudumu walisimamishwa Agosti. Sitini. Nimeuliza: hakuna aliyeambiwa arudishe ufunguo."

Karani wa tiketi alifungua rejesta ya haki za viti. Kule Brandt Falls kiti kizuri hakinunuliwi kwa siku. Mtu hukilipia kila mwaka mpaka afe, na akifa kinarudi kwa idara ya michezo, hata kama kwenye jukwaa lile mjane wake bado anafuta viti vya wengine.

C-9-14. Kubicek, Marjean. Tangu 1979. Aprili 2020: mmiliki amefariki, haki imerejea idarani. Septemba 2020: Dunleavy, R.

"Na mhudumu wa jukwaa C?" aliuliza Vanek, ingawa alikwishajua.

"Walt Kubicek," alisema karani. "Miaka thelathini na minane. Kwa nini, amefanya nini? Yule mzee hata ubani wa kutafuna hatemi chini."

Ijumaa saa nane mchana Vanek alipanda ngazi za veranda ya nyumba ndogo ya mbao mtaa wa Wacheki. Alikwenda peke yake. Walt Kubicek, umri miaka sabini na mmoja, alikuwa amekaa upande wa pili, mita mbili na zaidi, kama serikali ilivyoagiza. Barakoa yake ilishonwa kwa kitambaa cha mapazia.

"Wewe ni binti wa Emil Vanek," alisema. "Baba yako alikaa safu ya ishirini. Alikuwa anapiga kelele hata kwenye wimbo wa taifa."

"Ndiye huyo, Mzee Walt. Nimekuja kikazi."

"Najua. Utakula kolachi? Ya plamu." Hakusubiri jibu. Aliweka sahani juu ya koleo la theluji, akalisukuma taratibu mpaka miguuni pa Inspekta. Sheria ya umbali haikuvunjwa.

Vanek alichukua mkate ule mtamu. Alimwonya kwamba angeweza kunyamaza na kumwita wakili. Walt alisema wakili wa karibu yuko Des Moines na kolachi zitapoa.

"Jana asubuhi kabla ya saa moja ulikuwa wapi?"

"Jukwaa C."

"Uliingiaje?"

"Kwa mlango. Nina ufunguo."

"Ulifungua vibanio kwa nini?"

"Kwa sindano ya Marjean ya kushonea."

"Namaanisha, kwa nini hukuvikata?"

Walt alimtazama kana kwamba ameuliza upumbavu. "Ni mali ya chuo, binti."

"Mbwa yuko wapi?"

"Jikoni. Usimwone vibaya, nimemvika skafu. Kule nje baridi." Alisugua magoti. "Mwanzoni nilitaka kumweka gereji. Halafu nikaona anavyonitazama. Jana usiku tumesikiliza redio pamoja. Hana ubishi."

Vanek alishusha kalamu. "Kwa nini ulifuta kiti?"

"Kilikuwa kichafu. Marjean asingekaa."

"Marjean amefariki, Mzee Walt."

"Najua amefariki. Mimi ndiye niliyempungia mkono kutoka maegesho ya hospitali. Siku kumi na moja. Ghorofa ya tatu, walisema, upande wa mashariki. Nilikuwa napungia madirisha yote, maana sikujua lake ni lipi."

Jirani mmoja alikuwa akikusanya majani kwa reki. Walingoja apite.

"Mazishini tuliruhusiwa watu kumi," aliendelea Walt. "Marjean! Jukwaa zima lilimjua. Nilijiambia, haya, msimu ukianza watamkumbuka. Niliwahi kumpokea kwenye kile kiti mara mia mbili na kitu. Nilikuwa nakifuta nasema, 'Karibu, bibi, una tiketi?' na yeye anasema, 'Nimeolewa na mhudumu.' Kila Jumamosi. Kichekesho kilekile. Halafu nawasha televisheni, naona mbwa."

"Ungeweza kuweka picha yake."

"Sitaki picha. Picha ninazo." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Nilitaka kiwe kitupu! Kiti kikiwa kitupu, mtu hugeuka akauliza, leo fulani yuko wapi? Kikiwa na mbwa, nani atauliza? Wamekadiria kila kitu pale, binti. Nyasi zina bei, nembo ina bei, kelele za mashabiki zilizorekodiwa zina bei. Mtu asiyekuja ndiye hana bei. Basi nikasema, nitawaachia pengo moja. Elfu nne wapo, mmoja hayupo. Nimeiba. Andika. Nitatia saini."

Akatia saini, kwa mwandiko mzuri, akitumia kalamu yake mwenyewe kwa sababu ya korona.

Jioni hiyo Clementine alisafiri kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, skafu shingoni. Petra alimkuta sebuleni.

"Mama, umeleta ushahidi nyumbani? Hili si kosa?"

"Ni kosa. Kaa."

Vanek alimweleza yote: Walt, dirisha, kiti, milioni nane. Hakupamba. Petra alikuwa akivuta uzi wa skafu ya mbwa.

"Ukimrudisha, sisi tunaogelea," alisema Petra.

"Ndiyo."

"Na yule mzee ataona mbwa."

"Ndiyo."

"Dada yake Marisol, wote wawili wa timu yetu, alipofariki Juni, tuliacha njia yake wazi mashindano mazima. Njia ya tatu. Tulishindwa vibaya sana." Petra alicheka kidogo, kisha akaacha. "Sikumbuki matokeo, Mama. Namkumbuka Marisol alivyoikodolea macho ile njia. Fanya unavyoona. Lakini usiniulize mimi nikuruhusu, si haki."

"Sikuulizi."

"Unaniuliza, na uso wako wote."

Jumamosi saa nne asubuhi Inspekta Vanek alipanda jukwaa C akiwa na mbwa kwapani na vibanio vinne mfukoni. Alisimama muda mrefu mbele ya kiti namba kumi na nne. Kisha alihamia namba kumi na tatu, mahali Bwana Dunleavy wa kadibodi alipokuwa anatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya leseni, akamfunga Clementine mapajani mwake.

Akakipangusa kiti cha kumi na nne kwa mkono wa koti, kwa tahadhari.

Saa sita na dakika saba, akiwa garini kwenye maegesho, simu yake ililia. Uwanjani kelele zilizorekodiwa zilikuwa zinashangilia kosa la mchezaji wa kwao.

"Inspekta." Ilikuwa sauti ya Dunleavy. "Nani kanipakatisha mbwa wangu?"

"Mimi."

"Pembeni pana kiti kitupu."

"Si kitupu, Bwana Dunleavy. Kina mwenyewe."

Akamweleza. Ilichukua dakika tatu. Alipofika kwenye madirisha, upande wa pili wa simu televisheni ilizimwa.

"Gault aliniambia kiti kile hakikuwa na mtu," alisema Dunleavy hatimaye.

"Kwa hesabu zake, hakikuwa."

"Hm." Alikohoa. "Clementine hapa nyumbani anakaa hivyohivyo mapajani, unajua? Kilo thelathini na tano. Daktari amekataza. Sote wawili tumempuuza."

"Na zile milioni nane?"

"Mwambie Gault watoto waogelee. Ila aandike kwenye mkataba: kile kiti hakiuzwi. Akikiuza, nitamuuza yeye. Na huyo mzee ana simu? Nina mwezi sijaongea na mtu asiyetaka pesa zangu."

Vanek alimpa namba. Kisha yeye mwenyewe akampigia Walt.

"Nimekiona," alisema Walt kabla hajaulizwa. "Kamera imepita. Sekunde mbili. Mtangazaji akasema, 'Hapo kuna mtu amechelewa.' Umesikia, binti? Amesema amechelewa." Akapumua. "Marjean hajawahi kuchelewa. Angekasirika kweli."

Taarifa rasmi ya polisi, jalada namba 417, inasema kielelezo kilisogezwa na upepo na kimepatikana kiti cha jirani; kesi imefungwa. Nami naongeza kwamba Inspekta Vanek alibaki garini dakika ishirini akifuta miwani, kwa kuwa barakoa huitia ukungu.

Nilikusudia kumalizia hapo, kwa heshima zote zinazostahili jeshi la polisi. Lakini najua mmeshafungua midomo: ndani ya gari alikuwa peke yake, barakoa ya nini?

Haya, nimeshikwa. Upepo ni uongo wake, na ukungu ni uongo wangu. Alilia, mpaka Korongo wakafungwa mabao mawili bila yeye kujua. Na mimi niliyeisimulia nililia pia, hapo kwenye madirisha, ila kidogo tu, na msimwambie mtu.