Fungu Lililopungua Kiazi

Hidaya hakuwa na begi la mgongoni. Hakuwa na viatu vya shule wala kalamu za rangi. Hakuwa na mama, kwani mama yake alifariki akimwacha anatambaa. Na daftari lake, alilonunuliwa na bibi yake Saumu aliyekuwa akimlea, halikuwa na hata herufi moja.

Daftari hilo jeupe ndilo lililomkosesha bibi raha.

Baba yake Hidaya, Shabani, alikuwa mchuma chai karibu na Amani. Alipiga simu.

"Mama, mtoto yuko darasa la awali tangu Januari, na jina lake hajui kuliandika. Shule zikifungwa nitamchukua. Nitampeleka bweni, Tanga."

"Bweni! Mtoto wa miaka mitano atalala na nani?"

"Wenzake wanalala, Mama."

Asubuhi Saumu alijifunga kanga, akapanda kilima hadi shuleni. Aliwakuta watoto wamekaa chini. Mbele yao palikuwa na maharage, vizibo vya soda na kokwa za plamu. Hidaya alikuwa akitenga maharage mekundu na meupe.

"Shikamoo, bibi," alisema mwalimu Dorkasi.

"Marahaba. Mwalimu, nilimleta mtoto asome. Kama ni kuchambua maharage, angechambua kwangu tukala!"

Dorkasi alicheka, akampa kigoda. "Bibi, siku ya gulio unapangaje viazi vyako?"

"Vikubwa peke yake, vidogo peke yake. Kisha mafungu, vitano vitano."

"Ukivichanganya?"

"Nani atanunua?"

"Basi hiyo ndiyo hesabu, bibi. Kutenga, kulinganisha, kuhesabu kwa kugusa. Mtoto akizoea kushika vitu vitano, namba tano haitamtisha ubaoni."

Saumu hakulegea. "Na kuandika je?"

Dorkasi alimwonyesha sanduku la mchanga. Watoto walichora herufi humo kwa kidole. Wengine walifinyanga udongo.

"Vidole vyao bado laini. Udongo unavitia nguvu. Kidole kwanza, kalamu baadaye. Nawe msaidie nyumbani. Mhesabishe magunzi. Msimulie hadithi, hata kwa Kishambaa, kisha umuulize maswali. Akikosea, usimfokee."

"Hadithi za sungura nazo ni masomo?"

"Sana. Anayeifuata hadithi kwa masikio, kesho ataifuata kitabuni."

Tangu hapo jiko la Saumu likawa darasa. Magunzi yalihesabiwa kabla ya kuingia motoni. Herufi zilichorwa kwenye majivu.

Siku ya gulio Saumu alipanga mafungu yake mbiombio, kwa kuwa wateja walikuwa wameshafika. Jirani yake Tatu aliinama kuchagua. Hidaya akagusa kiazi kimoja kimoja.

"Bibi, hili lina vinne!"

Wanawake waliangua kicheko.

"Saumu, umejiletea mkaguzi!" alisema Tatu.

"Wewe mtoto, leo utakula maganda," alijibu Saumu, naye akicheka. Akaongeza kiazi. Lakini moyo wake ulikuwa umejaa furaha. Hakuna aliyemwambia mtoto ahesabu.

Jioni alimsimulia Shabani kwenye simu.

"Mama, mjukuu hakosi sifa kwa bibi yake. Aniandikie jina lake. Nikiliona kwa macho yangu, abaki."

Simu zao zilikuwa za tochi, hazitumi picha. Basi Saumu alichana karatasi kwenye lile daftari jeupe. Hidaya alichora viazi vitano. Chini yake akaandika jina lake, ulimi nje, polepole. D ilitazama nyuma.

"Mwalimu, tuifute?" aliuliza Saumu alipompelekea Dorkasi karatasi shuleni.

"Iache, bibi. Itageuka yenyewe. Baba aone mkono wa mwanawe, si wangu."

Nyumbani Saumu aliikunja karatasi, akaitia katika bahasha. Gundi hawakuwa nayo. Hidaya alichukua donge la ugali wa moto, akalipaka, akabana kwa kidole gumba.

Asubuhi walisimama kando ya barabara, basi la Muheza, la kuelekea upande wa Shabani, likafika.

"Mzigo wa nani?" aliuliza kondakta.

"Wa baba," alisema Hidaya. "Nimeandika mimi. Usiikunje."

Kondakta aliiweka bahasha mfuko wa shati, akagonga bodi, basi likateremka.